Dengu bila funza: kudhibiti wadudu kuanzia mbugani hadi ghalani

Ukimuuliza mkulima wa dengu wa Misungwi, Kwimba au Shinyanga Vijijini ni mdudu gani anayemtia hasara, atakutajia funza kabla hujamaliza swali. Ni yule yule funza wa vitumba anayemjua kwenye pamba, anayekula ncha ya hindi bichi na kutoboa nyanya bustanini. Magonjwa yapo, sota wanaokata miche wapo, na ghalani kuna wadudu wengine wanaosubiri. Lakini shambani mkulima akipoteza nusu ya maganda, mara nyingi ni kazi ya funza huyu mmoja.

Dengu ninazozisema ni zile za punje nene yenye mdomo, zinazopandwa kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zinapoelekea kuisha, kisha zikaishi kwa unyevu uliobaki ardhini. Ndengu za Kitui na Makueni ni choroko, zao jingine, ingawa sehemu ya ghalani hapa chini inazihusu pia. Karibu na mwisho nitazigusa njegere na adesi kwa ufupi.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kukagua na kuhesabu. Nimeamua hivyo kwa sababu dawa nyingi za dengu hupotea bure kwa kupulizwa siku isiyofaa. Wengine hupuliza mapema wakati mmea haujawa na cha kupoteza, wengine huchelewa mpaka kiwavi amekuwa mkubwa kiasi cha kutojali tena.

Mfahamu adui kwanza

Nondo wa funza huruka usiku. Jike hutaga yai moja moja, hapa jani, pale ua, pale ganda changa, na katika uhai wake anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Yai ni dogo kuliko kichwa cha pini, jeupe lenye unjano, na hugeuka kahawia linapokaribia kuanguliwa. Baada ya siku 3 hadi 5 hutoka kiwavi mwembamba kama uzi. Hukua kwa wiki 2 hadi 3, kisha hushuka, hujichimbia sentimita chache ardhini na kuwa pupa. Kutoka yai hadi nondo mpya ni kama mwezi mmoja au zaidi kidogo, kutegemea joto.

Rangi yake isikudanganye. Yupo wa kijani, wa kahawia, wa rangi ya waridi, hata wa karibu na weusi, wote ndugu. Utamtambua kwa anavyokula: hutoboa tundu la mviringo kwenye ganda, huingiza kichwa na kifua ndani, na nusu ya mwili inabaki inaning'inia nje. Akimaliza punje huhamia ganda jingine. Kiwavi mmoja anaweza kuharibu maganda 30 hadi 40 mpaka amalize kukua.

Jambo moja hapa lina thamani kuliko chupa yoyote ya dawa: zaidi ya robo tatu ya chakula chake chote hukila katika hatua mbili za mwisho, akiwa amezidi urefu wa sentimita 2. Akiwa na nusu sentimita hajakupunguzia chochote cha maana. Ukimkuta wakati huo, dawa kidogo inamtosha, na hata mwarobaini unamtosha.

Na mmea wenyewe una silaha. Pita shambani asubuhi na mapema, shika majani ya dengu, kisha ulambe kidole: ni uchachu mkali. Vinywele vya majani hutoa majimaji yenye asidi ya maliki na asidi ya oksaliki, ndiyo maana suruali ya mtu anayepalilia dengu huchakaa haraka na mikono humwasha. Uchachu huo hufukuza wadudu wengi, na ndiyo sababu dengu haina msururu mrefu wa maadui kama kunde. Bahati mbaya huwazuia pia baadhi ya wadudu rafiki. Nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, ambao hufanya kazi nzuri kwenye mazao mengine, kwenye dengu hushindwa. Kwa hiyo usitegemee wadudu rafiki peke yao. Wasaidie.

Hatua ya 1: Kabla ya kupanda

Anza na jirani wa dengu, yaani pamba. Dengu zinapoanza kutoa maua, pamba nyingi za Kanda ya Ziwa bado zina vitumba, na nondo hawana mpaka wa shamba. Ukiwa na uchaguzi, weka dengu mbali na pamba, nyanya na mahindi yaliyochelewa. Ukiwa huna, na wengi hawana, basi ujue kwamba upande unaopakana na pamba ndio utakaoukagua kwanza. Baada ya mavuno ng'oa mabua ya pamba na uyachome kama sheria ya zao hilo inavyotaka. Maotea ya pamba yanayochipua wakati wa kiangazi ni chakula cha funza kisichokatika.

Kulima baada ya mavuno hufukua pupa, jua likawakausha na ndege wakawaokota. Kwenye udongo wa mbuga uliokauka, plau la ng'ombe haliingii, na sitaki kukushauri jambo lisilowezekana. Lima mapema mara udongo unapolainika, na uache siku kadhaa kabla ya kupanda. Ondoa magugu yote wiki 2 hadi 3 kabla ya mbegu kuingia ardhini. Sota, wale viwavi wanaokata miche usiku, huanzia kwenye magugu. Magugu yakifa mapema nao wanakufa njaa, lakini ukipanda siku hiyo hiyo uliyofyeka, chakula kinachofuata ni miche yako.

Zungusha mazao. Dengu baada ya dengu kwenye shamba lile lile hulea mnyauko fuzari. Baada ya dengu panda mtama, mahindi au mpunga, na usirudishe dengu hapo kwa angalau misimu 3. Kuvu wa mnyauko hudumu ardhini miaka mingi, hivyo shamba lililoathirika vibaya liondoe kabisa kwenye mpango wa dengu au tafuta mbegu inayostahimili.

Hatua ya 2: Mbegu na siku ya kupanda

Mwaka 2011 Tanzania iliidhinisha aina bora za dengu, zikiwamo Ukiriguru 1 na Mwanza 1, zilizotokana na vizazi vya mbegu vya ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makame. Uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali, TARI Ukiriguru, au afisa ugani wako, aina ipi inapatikana msimu huu na inastahimili nini. Mbegu ya sokoni inaweza kuota vizuri, ila kagua kila kiganja. Punje yenye kitobo au kidoa cheupe kilichogandia juu ya ngozi imeshaingiliwa na mdudu wa ghala.

Panda kwa mistari. Najua wengi humwaga mbegu nyuma ya plau, na ni kazi nyepesi kweli. Lakini shamba la kumwaga huwezi kulikagua bila kulikanyaga, wala bomba halifiki katikati. Mistari ya sentimita 40 kwa sentimita 10 hadi 15 kati ya mimea inatosha, na itakurahisishia hesabu ya hatua ya 5.

Siku ya kupanda ni suala la kijiji kizima. Wote wakipanda ndani ya wiki mbili, nondo hugawanyika mashamba yote na kila mtu hupata sehemu yake ndogo ya hasara. Anayechelewa mwezi mzima hupokea nondo wote waliozaliwa kwenye mashamba ya wenzake. Kaeni kwenye kikundi mkubaliane.

Changanya giligilani. Mstari mmoja wa giligilani kila baada ya mistari kadhaa ya dengu, au ukanda wa kuzunguka shamba, hutoa maua mengi madogo yanayovuta nyigu na nzi rafiki, wale ambao watoto wao hula viwavi na vidukari. Mbegu yake inauzika pia. Hili ni pendekezo la muda mrefu la watafiti wa dengu nchini India, na sioni sababu ya kutolijaribu mbugani.

Hatua ya 3: Wiki za kwanza

Hapa kazi ni sota. Asubuhi ukikuta mche umelala, umekatwa usawa wa ardhi, usiutupe tu. Chimbua udongo kwa kidole sentimita chache kuzunguka shina. Utamkuta sota amejikunja, mnene, rangi ya udongo. Muue palepale. Kwenye shamba dogo, asubuhi chache za kazi hii hulinda miche kuliko kupuliza shamba zima.

Viwavi wachache wanaokula majani kipindi hiki waache. Dengu hujirudisha vizuri kabla ya maua, na karibu theluthi ya viwavi wadogo hufa wenyewe kila wiki, kwa kuliwa au kwa hali ya hewa. Anayepuliza dengu za urefu wa kiganja huua buibui, nyigu na mbawakawa walioanza kukaa shambani, kisha maganda yakitoka hana wa kumsaidia.

Palizi ifanyike mapema, mara 1 au 2, mpaka mimea ifunge.

Hatua ya 4: Kagua kwa kitambaa

Kuanzia maua ya kwanza, ingia shambani kila baada ya siku 3 au 4. Sio kupita pembeni ukiwa juu ya baiskeli. Unahitaji kitambaa cheupe au kiroba cheupe kilichochanwa, upana wa mita 1, na kijiti.

Nenda asubuhi kabla ya jua kali. Tandaza kitambaa kati ya mistari, kiguse mashina. Inamisha mimea ya mita 1 ya mstari juu ya kitambaa na uipige kwa kijiti mara kumi hivi, kwa nguvu ya kutikisa bila kuvunja. Subiri kidogo, viwavi wadogo huanza kutambaa na hapo ndipo utawaona. Hesabu kwa makundi matatu: wadogo chini ya sentimita 1, wa kati, na wakubwa wa zaidi ya sentimita 2. Andika. Rudia sehemu zisizopungua 10 ukikata shamba kwa mshazari, kwa sababu funza hukaa kwa mafungu na sehemu moja inaweza kukudanganya. Usisahau ule upande wa pamba.

Wakati huo huo angalia vitu vitatu kwa macho: mayai kwenye vichipukizi, maganda yenye matundu, na viwavi waliokufa. Kiwavi aliyelegea akining'inia kichwa chini kwenye ncha ya mmea, mweusi, akipasuka ukimgusa, ameuawa na virusi vyake vya asili. Kifukofuko kidogo cheupe karibu na ngozi kavu ya kiwavi kimeachwa na nyigu rafiki. Ukiona vingi vya aina hiyo, vuta subira.

Kama una mtego wa harufu wa kuvuta madume ya nondo, mzuri. Mitego 5 kwa hekta inatosha. Mtego haupunguzi funza. Kazi yake ni kukuambia nondo wameingia, ili wiki inayofuata usikose shambani na kitambaa chako.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kufungua chupa

India hutumia kipimo rahisi: kiwavi 1 kwa kila mita 1 ya mstari wakati wa maua na maganda, puliza. Kinafaa kwa kuanzia. Mimi napenda zaidi njia ya Queensland, Australia, kwa sababu inaweka bei ya dengu ndani ya hesabu, na bei ya dengu yetu hupanda na kushuka vibaya. Machi 2018, India ilipofikisha ushuru wa dengu kutoka nje asilimia 60, mkulima wa huku hakuambiwa mapema.

Hesabu iko hivi. Kiwavi 1 kwa kila mita 1 ya mraba hula takribani gramu 2 za punje kwenye mita hiyo. Kwa ekari moja hiyo ni kama kilo 8. Sasa tuseme, kwa mfano tu, dawa pamoja na kibarua ni shilingi 25,000 kwa ekari, na dengu ni shilingi 1,500 kwa kilo. Gharama yako ni sawa na kilo 17 hivi za dengu. Gawanya 17 kwa 8: unapata viwavi 2 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo, dawa inakula fedha zaidi ya funza. Bei ikishuka hadi 800, gharama ile ile ni kilo 31, na kiwango kinapanda hadi karibu viwavi 4.

Kutoka kitambaa kwenda mita ya mraba: mistari ikiwa ya sentimita 40, zidisha idadi ya mita 1 ya mstari kwa 2.5. Viwavi wadogo wapunguze kwa theluthi kwanza, maana si wote watakaofika ukubwani. Mfano: kitambaa kimekupa wastani wa wadogo 0.6 na wa kati 0.6. Wadogo wanakuwa 0.4, jumla 1.0, mara 2.5 ni 2.5 kwa mita ya mraba. Kwa bei ya 1,500 umevuka. Kwa bei ya 800 hujavuka, rudi baada ya siku 3.

Hesabu hii ni ya shamba lenye maganda. Maganda yakishakauka na punje kugumu, funza hana tena cha kukufanyia, na kupuliza wakati huo ni kuongeza sumu kwenye chakula.

Hatua ya 6: Njia zisizo za chupa

Weka vijiti vya ndege kutua. Kata miti mirefu kuliko dengu kwa mita 1 hivi, funga kipande cha mti juu kwa kukingama, simika 15 hadi 20 kwa hekta mara maua yanapoanza. Ndege wanaokula wadudu hutua hapo, hutazama chini, hushuka na kuokota viwavi wakubwa, wale ambao dawa inawashindwa. Dengu si mtama. Huhitaji kuwaogopa kwelea.

Kuokota kwa mkono kuna maana kwenye robo ekari, na hasa kwa viwavi wakubwa. Tikisa mimea juu ya turubai asubuhi, kusanya, wape kuku. Kwenye ekari 5 usijidanganye.

Mwarobaini ndio dawa ninayoitetea, ikitengenezwa sawasawa. Majani hayana nguvu ya mbegu. Okota mbegu zilizoiva, toa nyama ya tunda, kausha kivulini, hifadhi kwenye mfuko unaopitisha hewa usije ukaota ukungu. Siku ya kutumia, bangua ganda, chukua kilo 1 ya kiini kwa bomba la lita 20, au gramu 750 kwa bomba la lita 15. Twanga mpaka mafuta yaanze kuonekana lakini kabla hayajachuruzika, funga kwenye kitambaa, loweka kwenye maji usiku kucha. Asubuhi kamua mara kadhaa, chuja kwa kitambaa safi (bomba likiziba utajuta), jaza maji mpaka kipimo. Jioni tia sabuni ya maji kidogo ili dawa ishike jani, na upulize jua likiwa limepungua. Tumia yote siku hiyo, maana haikai.

Usitarajie maiti asubuhi. Mwarobaini humkatisha kiwavi hamu ya kula na kumvurugia kujivua ngozi. Anaweza kuwa hai siku 3 baadaye, lakini hali. Rudia baada ya siku 7 hadi 10 kama kitambaa kinakuambia hivyo. Kwa kiwavi wa zaidi ya sentimita 2 umeshachelewa.

Zipo pia dawa za vimelea hai: bakteria Bt, na virusi vya funza vinavyojulikana kwa herufi HaNPV. Hazidhuru nyuki, samaki wala mtu. Zote mbili lazima kiwavi azile, zote huharibiwa na jua, kwa hiyo ni jioni tu, na zote ni za viwavi wadogo. Ukizipata kwenye duka lenye leseni, angalia tarehe ya mwisho na uliza zilihifadhiwa wapi. Chupa iliyokaa dirishani juani miezi mitatu imeshakufa.

Hatua ya 7: Ikilazimu dawa ya dukani

Funza wa vitumba ni miongoni mwa wadudu waliozoea dawa kuliko wote duniani. Dawa za jamii ya pairethroidi, kama sipamethrini na lambda-sihalothrini, zimepulizwa kwenye pamba kwa miongo mingi, na usugu dhidi yake umethibitishwa katika nchi nyingi. Ukipuliza sipamethrini, ukarudi na kitambaa baada ya siku 3 ukakuta hesabu ile ile, usiongeze kipimo wala usichanganye na dawa nyingine kwa kukisia. Badilisha jamii ya dawa.

Kwenye lebo nyingi kuna namba ya kundi. 3A ni pairethroidi, 5 ni spinosadi na ndugu zake, 6 ni emamektini, 28 ni klorantraniliproli. Usipulize kundi moja mara mbili mfululizo msimu mmoja, na kama pamba ya jirani imepulizwa 28, wewe chukua nyingine. Kabla ya kulipa, hakikisha dawa imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kama uko Tanzania, au PCPB kama uko Kenya, na lebo yake inalitaja zao lako. Lebo iliyochapishwa upya juu ya nyingine, au dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda, iache hapo hapo dukani.

Puliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi. Vaa buti, suruali ndefu, glavu, barakoa na miwani. Usipulize ukielekea upepo. Suuza chupa mara tatu, maji hayo yarudishe ndani ya bomba, kisha itoboe. Soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uziheshimu, na uwaambie watoto, kwa sababu watoto huchuma maganda mabichi ya dengu wakipita, na hakuna anayewaambia jana kulipulizwa nini.

Magonjwa, kwa ufupi

Mmea ukinyauka ukiwa na majani ya kijani bado, ung'oe na upasue shina kwa urefu. Mstari wa kahawia au mweusi katikati ni mnyauko fuzari. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Ng'oa, toa nje ya shamba, andika mahali ulipoutoa. Mche mchanga unaooza shingoni mara nyingi umepandwa kwenye mabua mabichi ambayo hayajaoza na udongo uliolowa mno. Jibu lake ni kulima mapema na kutopanda maji yakiwa yametuama.

Njegere na adesi

Njegere ni zao la baridi, la Lushoto, Njombe, Nyandarua na Timau. Hazina uchachu kama wa dengu, kwa hiyo vidukari huzipenda sana, na vidukari hueneza virusi. Geuza vichipukizi 20 sehemu mbalimbali za shamba. Ukikuta vidukari pamoja na wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi, subiri siku 3 kabla ya kuamua, mara nyingi wekundu hushinda. Vijia vyeupe vilivyojipinda ndani ya jani ni vya nzi mchimba majani. Huyu huongezeka pale ambapo pairethroidi zimeua nyigu wanaomdhibiti. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga. Salfa inafaa ikianza mapema.

Anayeuza njegere za maganda nje ya nchi ana sharti la ziada. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa njegere na maharage mabichi kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa ya wadudu iitwayo dimethoeti, na wakulima wengi wadogo walikosa mnunuzi. Andika kila unachopuliza, tarehe na kipimo.

Adesi hulimwa sana Ethiopia, kwetu ni nadra. Kwa vidukari, fuata njia ya njegere. Kwa ghala, njia ya dengu.

Hatua ya 8: Mavuno na ghala

Vuna majani yakishakuwa ya njano na maganda ya kahawia. Dengu zinazosubiri shambani hupukutika, na mdudu wa ghala huweza kuanza kutaga hapo hapo. Piga juu ya turubai, pepeta, anika.

Ukavu upime kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu vijiko viwili, jaza punje mpaka theluthi, tikisa kwa dakika 3, acha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, punje bado mbichi. Ikianguka yote chini, ziko tayari.

Mdudu wa ghala wa jamii ya kunde hutaga mayai yanayogandia juu ya punje, madoa meupe unayoweza kuyaona bila miwani. Mtoto wake hutoboa moja kwa moja kuingia ndani, na baada ya wiki 3 hadi 5 hutoka mkubwa akiacha tundu la mviringo. Ukiona matundu, kizazi cha pili kiko ndani tayari. Ndiyo maana gunia linaweza kuonekana salama Septemba na kuwa unga Desemba.

Mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa, inatosha bila dawa yoyote. Ni mifuko mitatu: miwili ya nailoni nzito ndani na kiroba nje. Jaza, kandamiza utoe hewa, sokota shingo ya mfuko wa ndani, ikunje, ifunge kwa kamba, kisha fanya hivyo hivyo kwa wa pili na kiroba. Wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa. Usifungue kabla ya miezi 2, na weka juu ya chaga, mbali na panya, maana kitobo kimoja kinaharibu kazi yote. Kwa mbegu za kilo chache, mafuta ya kula mililita 5 kwa kilo 1, yapakwe punje zote vizuri, huzuia mayai kushika.

Vidonge vya gesi ya fosfini usivitumie ndani ya nyumba mnamolala, hata chumba kikiwa kingine na mlango umefungwa. Gesi hupita kwenye paa na nyufa, na imeshaua familia usingizini. Kama ghala linahitaji gesi, ifanyike na mtu mwenye kibali, kwenye jengo ambalo hakuna anayelala.

Kwa dengu zitakazouzwa kwa stakabadhi ghalani, zipeleke zikiwa zimepepetwa na kukaushwa hivyo hivyo. Mzigo wenye wadudu hai unaweza kurudishwa mlangoni, na kuukausha na kuupepeta upya huko ni kwa gharama yako.